Maganda ya Wafula na Blanketi la Mama Mkwe

Keki mliyonikatia siku ya kuniaga ilikuwa na maandishi ya sukari yaliyonitakia mapumziko mema. Nimeila, na nimegundua kwamba kupumzika nyumbani ni kazi ngumu kuliko kuzoa maganda ya risasi, maana nyumbani msimamizi ni mke wangu na yeye hana zamu. Basi nimekimbilia mezani niwaandikie ninyi mliorithi ndoo zangu. Sitasema nani alipanda cheo wala nani alilipwa nini. Hayo mnayajua, nilikuwa nawasikia mkiyajadili nikipita. Nitasema ya sakafuni.

Nilifika kwenye ule ukumbi wa shabaha wa Springfield nikitokea kazi ya kuegesha magari ya watu. Mnajua lilivyo jengo lenyewe: halina dirisha, limejificha nyuma ya duka la matairi, karibu na pale barabara kuu zinapopandana kama tambi kwenye sahani. Nilidhani nimeajiriwa kupokea wateja mlangoni, nikaja na tai. Mkuu wa usafi alikuwa Papa Leo, Mkongo wa Bukavu, mfupi, kipara kinachong'aa kuliko bidhaa zake. Akaitazama tai, akavitazama viatu, akanipa ndoo.

"Petit," akasema, "ile kamba ya shingo utafungia nayo mufuko."

Nilikuwa na umri wa kuitwa babu na wajukuu wa dada yangu kule Tanga, lakini kwa Papa Leo nilibaki petit, yaani kijana mdogo, hadi siku aliyohamia Columbia kwa binti yake.

Siku hiyo ya kwanza hakunifundisha kufagia, alinifundisha kutofagia. Ufagio mkavu unarusha vumbi la madini ya risasi, na vumbi hilo likiingia kifuani haliombi radhi. Tunatumia mpira wa kusukumia na maji. Ukimaliza, mikono unaosha kwa maji baridi na sabuni kabla hujagusa hata funguo zako. Viatu vya kazini vinalala kazini. "Bibi yako hakuandikwa kazi hapa," Papa Leo alisema, "hana lazima ya kupumua ile kitu." Na taa nyekundu ikiwaka, maana yake watu wanapiga, hata ukiona dhahabu mbele ya mstari wa wapigaji, iache. Dhahabu haina haraka.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kwanza sumaku, kwa sababu yapo maganda ya chuma yaliyopakwa rangi ya shaba, na mjanja wa kwanza ndani ya biashara hii ni kiwanda. Kisha chekeche za kutenganisha makubwa na madogo. Kisha sikio. Papa Leo alichukua maganda mawili, akayaangusha kwenye saruji moja baada ya jingine. Zima lililia kama kengele ya baiskeli. Lililopasuka lilikohoa. "Ya kukohoa inaenda kwa mutu wa vyuma chakavu," akasema. "Ya kuimba inaenda kwa wendawazimu." Na ukikuta risasi nzima, ambayo haijapigwa, haiingii kwenye mzani wowote, inaingia ndoo yenye mfuniko mwekundu na inakabidhiwa kwa mlinzi wa mstari siku hiyo hiyo. Hapo hatutaniani.

Hao wendawazimu ndio walionilisha, kwa hiyo niwaeleze kwa heshima. Risasi ikipigwa, ganda la shaba linabaki zima. Wapo watu wanalinunua, wanalisafisha, wanalirudishia umbo kwa mtambo wa mkono, wanaweka kiwashio kipya, baruti na kichwa, na wanapata risasi upya. Ukiwauliza kwa nini, wote wana jibu moja: kuokoa hela.

Mteja wangu wa kwanza wa aina hii alikuwa mstaafu wa ofisi ya serikali. Alinionyesha hesabu kwenye simu yake, imepangwa vizuri kama bajeti ya taifa, na kama bajeti ya taifa ilikuwa imeacha vitu nje. Mtambo haukuwemo. Mzani wa baruti haukuwemo. Wala meza aliyoijenga, wala mtambo wa pili alioununua kwa sababu wa kwanza ulikuwa wa polepole, wala petroli ya kutoka kwake hadi kwetu akizipita kumbi nyingine mbili za shabaha. Nikafungua mdomo nimsaidie. Papa Leo akanikanyaga mguu.

Tulipobaki wawili akanipa sheria ambayo nimeishika kazi yangu yote, isipokuwa mara moja. "Hesabu ya mununuzi ni kama chumba yake ya kulala. Hata mulango iko wazi, weye hauangalie ndani."

Sheria nzuri sana. Nikajifunza kuuza nikiwa natazama dari. Nikajifunza kupima mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, ya pili kwa ajili yangu, na kama vipimo havikukubaliana, napima ya tatu kwa ajili ya Mungu. Nikajifunza kwamba mtu anayesema "nina haraka" ana hela, na anayesema "naangalia tu" atarudi kabla hujafunga. Nikajifunza kuyang'arisha maganda kwenye lile pipa dogo linalozunguka na chembe za magunzi ya mahindi. Magunzi! Kwetu tunawashia moto. Hapa yanasagwa, yanatiwa mifukoni, yanauzwa ghali kuliko mahindi yenyewe. Siku niliyoona bei ile ndipo nilipoamini kwamba nchi hii ni tajiri.

Nisiwasingizie wote. Alikuwapo mzee mmoja mwenye bunduki ya babu yake, ya aina ambayo risasi zake haziuzwi tena dukani ila kwa bei ya kutukana. Yule alikuja mara chache kwa mwaka, akanunua kidogo, akajaza kidogo, akapiga kidogo. Yule aliokoa hela, tena nyingi. Hakuwahi kulisema hilo hata mara moja, na ndivyo nilivyomjua.

Papa Leo alipoondoka, ndoo zikawa zangu. Na baada ya muda akaja Wafula.

Wafula ni Mkenya wa Bungoma, anaendesha gari la mizigo kwenye ghala moja, anaishi Hyattsville na mkewe Nekesa na watoto wao wawili. Alikuja mara ya kwanza na rafiki, akapiga kwa bunduki ya kukodi, akatazama maganda yakiruka, nikaona macho yake yakiyafuata maganda badala ya shabaha. Nilijua hapo hapo. Wengine huanguka kwa pombe.

"Mzee, hizi mnatupa?" akaniuliza.

"Hatutupi. Tunauza."

"Unauza takataka?"

"Ukinunua zinaacha kuwa takataka."

Alicheka, akanunua nusu ndoo. Juma lililofuata akaja kwa ndoo nzima, na maneno mapya. "Shikamoo, Mzee Shekue."

Nikashika mfuko wangu. Mkenya akikuamkia shikamoo, jua kuna punguzo linaombwa. Na kweli: "Sasa mimi ni customer wa kudumu. Nime-calculate, nikijaza mwenyewe nita-save karibu nusu. Unaniangushia ngapi hapo?"

Nikatazama dari. Nikamwangushia kidogo, kiasi cha kumfanya ajione mjanja. Hicho nacho ni kifaa cha kazi, kiwekeni pamoja na sumaku.

Wafula aliingia kwa miguu yote miwili. Alinunua mtambo, akanunua pipa la magunzi, akanunua taa ya kumulika mtambo. Alipokuwa ananunua risasi dukani alikuwa anapiga boksi moja kwa mwezi. Alipoanza kuziokoa alipiga kila Jumamosi. Risasi ikiwa rahisi, kidole hakichoki. Akaanza kukusanya hata maganda ya bunduki asiyokuwa nayo, "just in case, Mzee." Maganda yote hayo yalikaa kwenye chumba cha chini cha nyumba waliyopanga. Nilikiona siku nilipompelekea ndoo: ndoo zimepangwa ukutani hadi dirishani, mtambo katikati kama mimbari, na yeye amesimama nyuma yake na miwani ya kinga, anang'aa kwa furaha. Nilimwonea wivu kidogo. Si kila mwanamume ana mahali anapojulikana.

Kisha siku moja Nekesa akaja ukumbini. Ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu Columbia, bado amevaa sare, na alisimama mbele ya kaunta yangu kama mtu aliyekuja kusomewa majibu ya vipimo.

"Wewe ndio Mzee Shekue?"

"Ndiye."

"Yule wa 'Mzee Shekue amenipea bei poa'?"

Nikasema inategemea bei.

Hakutabasamu. Akanieleza. Mama yake alikuwa amepata viza, baada ya kunyimwa mara mbili. Tiketi imeshakatwa. Anakuja kukaa miezi kadhaa, aone wajukuu ambao amewaona kwenye simu tu. Chumba cha chini kilikuwa cha mama huyo tangu siku walipopanga nyumba; chumba hicho ndicho kilichowafanya wachague nyumba ile. Alimwambia mumewe atoe ndoo. Mumewe akamjibu kwamba ndoo si tatizo. Tatizo ni mila. Kwao mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake.

"Mzee, huyu mtu hajawahi kuongea mila tangu tufike hapa," akasema. "Anakula ugali na ketchup. Leo amekuwa mlinzi wa mila, juu ya ndoo." Akainamia kaunta. "Nataka uniambie kitu moja. Hii kujaza-jaza, ina-save pesa ama haina?"

Nikatazama dari. Dari lenyewe likaona aibu. Nikamwambia mambo hayo yana pande nyingi.

"Sawa," akasema. "Jumapili kuna kikao kwetu. Utakuja useme hizo pande zote."

Mnajua kikao. Ndoa ikitikisika huku ughaibuni, hatuendi kwanza kwa mwanasheria; tunapanga viti. Nilikuta sebuleni mchungaji wao na mwenyekiti wa chama chao cha kusaidiana, wamekaa kwenye kochi na chai mkononi, nyuso za kuhukumu. Nyuso zile ziliyumba waliponiona. Ndoo mbili alizonunua mchungaji nilikuwa nimezibeba mwenyewe hadi kwenye buti la gari lake, chini ya taulo. Mwenyekiti alikuwa bado anasubiri oda yake ya maganda. Nikaketi nikijua kwamba mshtakiwa, mahakimu na shahidi sote tulikuwa kundi moja, na mlalamikaji peke yake ndiye hakuwa na ganda hata moja.

Wafula alianza, akaongea vizuri. Alisema yeye hana ubaya na mama mkwe, anamheshimu, na heshima hiyo ndiyo inayomzuia. Mchungaji akaitikia kwamba mila njema si adui wa imani. Mwenyekiti akasema kuna familia moja yenye chumba cha ziada, mama angepokewa huko vizuri tu. Mambo yalikuwa yanakwenda kwenye mapatano kama gari linaloteremka bila breki.

"Sawa," Nekesa akasema kwa sauti ya chini. "Mama akilala kwa watu, na mimi nitalala kwa watu. Na watoto. Siwezi kumtoa mama yangu Bungoma aje alale kama mgeni wa hoteli, halafu mimi nilale juu ya ndoo." Akawageukia wazee. "Mnaona kama natisha. Nimeshaongea na mwenye nyumba wa mwenzangu wa kazini. Suitcase iko kwa gari."

Wafula alikuwa ameshika kikombe, alikiweka chini. Nilimwona akitazama mlango, kisha ngazi za kwenda chini, kisha mlango tena. Hakuwa ameijua habari ya sanduku.

Mchungaji akasafisha koo. "Tusikilize mtaalamu. Mzee Shekue, ndugu yetu anasema kazi hii inaiokolea familia pesa. Kama ni kweli, ni jambo la kuzingatia. Inaokoa?"

Wote wakanitazama, na wawili kati yao walikuwa wananisihi kwa macho. Nikamkumbuka Papa Leo na mguu wake. Nikafikiria oda ya mwenyekiti. Nikapima mara mbili, kama kawaida yangu, na upande mmoja kulikuwa na sanduku ndani ya gari.

"Inaokoa," nikasema. "Sana. Mradi ukishajaza usipige."

Nekesa akasogeza kiti chake karibu. Nikaendelea.

"Anayepiga kidogo, mtambo haujilipi. Anayepiga sana, anapiga zaidi kwa sababu ni rahisi. Pesa inayobaki inageuka baruti. Wafula hajaokoa senti, na mimi ndiye ninayejua, maana alichookoa kiko kwangu. Amepata raha, na raha ni kitu halali, lakini iitwe kwa jina lake. Na raha haihitaji chumba cha mama wa mtu."

Mchungaji akakohoa, kama lile ganda lililopasuka.

Wafula hakunitazama. "Hata kama," akasema. "Mila ni mila."

Nekesa akachukua simu, akaweka sauti juu. Huko Bungoma usiku ulikuwa umeshaingia, lakini mama aliipokea kabla ya mlio wa pili. Ni mfanyabiashara wa nafaka sokoni. Sauti yake ilitoka kama mtu anayeongea juu ya gunia. Nekesa akamweleza: mkwe anasema mama halali kwake.

"Ako sawa," mama akasema.

Wafula akainua kichwa. Nekesa akafumba macho.

"Ako sawa kabisa. Siwezi lala kwa mkwe ambaye hajanipatia blanketi. Muulize, blanketi yangu iko wapi?"

Sebule ikageuka kumwangalia Wafula. Mnaona, mila ile haikuwa ukuta; ilikuwa na mlango, na ufunguo wake ulikuwa blanketi. Mkwe akimfunika mama mkwe blanketi mbele ya wazee, mama analala hapo mpaka achoke mwenyewe. Wafula alilijua hilo tangu utotoni. Alikuwa amekumbuka ukuta akasahau mlango.

"Mama," akasema, amesimama wima kama yuko mbele yake, "blanketi nitanunua. Ni vile... nilikuwa nimefunga pesa kidogo."

"Umefunga kwa nini?"

Nekesa akajibu kwa niaba yake: kwa maganda. Mama akauliza maganda ni nini, akaelezwa. Akauliza ni ya chuma gani, akaelezwa. Akauliza nani ameyauza.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Shikamoo." Neno lilinitoka lenyewe. Mjue nilikuwa nimeshaogopa.

"Utayanunua pesa ngapi?"

Nilikuwa na ruhusa ya kununua maganda ya wateja, kwa bei ya chini ya ile tunayouzia. Huo ndio uhai wa biashara. Nikamtajia.

"Wewe mzee, usinichezee usiku. Ulimuuzia yakiwa machafu?"

"Machafu, ndiyo."

"Na sasa?"

Wafula akadakia, "Nimeyang'arisha yote, Mama. Na nime-sort."

"Basi. Nguo iliyofuliwa hairudi kwa bei ya nguo chafu. Na sabuni ni yake, na maji ni yake, na mkono ni wake. Ongeza."

Nikaongeza. Akakataa. Nikamweleza habari ya ratili, kipimo cha uzito cha huku. Akanitajia bei ya shaba sokoni kwao, na haikuwa mbali na ya kweli. Nikasema nina haraka. Akasema basi una pesa. Hapo nikajua nimekutana na chuo nilichosomea. Mwenyekiti aliacha kunywa chai ili asikie vizuri. Nilipofika bei ambayo kwa miaka yote nilikuwa nawauzia watu, nikasema siwezi kuvuka. Akanivusha. Kisha akamwambia Nekesa, "Apime mbele yako. Mara mbili."

Tulipima mara mbili. Tulizibeba ndoo zile kupanda ngazi mimi na mchungaji, ambaye hakusema neno hadi tulipofika kwenye gari. Hapo akaniuliza polepole kama ndoo zile zitakuwa sokoni juma lijalo.

Nimefanya kazi ile nikiwa naulizwa swali moja tu, kama inaokoa hela, kwa lugha zote za mji huu, na ukimtoa yule mzee wa bunduki ya babu yake, hiyo ndiyo mara pekee niliyoona mtu akipata faida kwenye maganda yaliyotumika. Faida ile aliipata mwanamke aliyekuwa ng'ambo ya bahari, asiyewahi kushika bastola. Wafula alinunua blanketi zito la rangi ya damu ya mzee, akamfunika mama mkwe mlangoni siku alipofika, na Nekesa akaniletea ukumbini kipande cha kuku kwenye karatasi ya fedha bila kusema ni cha nini. Sanduku lilirudishwa ndani. Mtambo ulikwenda kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, na huko kwenye baridi ndiko Wafula alikojifunza kujaza kidogo na kupiga kidogo.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja. Mama alikuwa amerudi Bungoma siku chache kabla.

"Shikamoo, Mzee Shekue."

"Chumba kinaendeleaje?"

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Ameacha blanketi kwa kitanda. Amesema siku akirudi, asiikute imekunjwa."

Alisimama pale akizitazama ndoo. Hakuuliza bei, nami sikuitaja. Lakini ninamjua, na msimu wa joto ukifika atakuja, atasimama kwenye kaunta ile ile, atawaamkia mmoja mmoja kwa heshima zote, na atawaambia kwamba Mzee Shekue alikuwa anamwangushia. Mpimieni mara mbili. Kisha muuzieni kwa bei ya mama mkwe wake, na asiangushiwe hata senti.